Mpemba, Dakta Osborne na Swali la Maji ya Moto

Katika misitu ya miombo inayouzunguka mji wa Mpanda, kijana atakaye kuwa mrina asali hana budi kumpata mzee wa kazi hiyo. Vitabu vya ufugaji wa nyuki vipo, na mabwana nyuki wa serikali wapo, lakini ni yule mzee aliyetundika mizinga ya magogo kwa miaka mingi ndiye amwonyeshaye kijana mti upi upendwao na nyuki, moshi utiwe kwa kiasi gani, na masega yapi yaachwe yasiguswe. Kijana humtazama na kumwuliza, hata siku moja mzee akamkabidhi kamba apande mwenyewe.

Sayansi nayo ni fani yenye wakubwa wake. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeketi na kitabu chake cha fizikia katika kata ya Nsemulwa aghalabu hadhani kuwa yeye na watu waliotajwa kitabuni humo ni watu wa kazi moja. Newton kwake ni jina la mtihani, na Chuo Kikuu ni mahali pa mbali. Kwa sababu hiyo yafaa kusimulia kwa urefu jinsi mwanafunzi mmoja wa Tanzania alivyokutana ana kwa ana na mkubwa wa fani yake, akamwuliza swali ambalo wenzake walilicheka, na jinsi mkubwa yule alivyolipokea swali hilo. Matokeo ya mkutano wao yanasomwa hadi leo katika vyuo vya fizikia duniani kote.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule hiyo walipenda kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe hata yakakaribia joto la chumba, ndipo wakayaweka katika chumba cha kugandishia cha friji. Friji ilikuwa moja na watengenezaji walikuwa wengi, hivyo nafasi iligombewa. Siku moja, Mpemba alipokuwa akichemsha maziwa yake, mwenzake mmoja alimwona, akaona atakosa nafasi; akachanganya maziwa yake na sukari bila ya kuyachemsha, akayamimina katika trei na kukimbilia friji. Mpemba naye alitambua kuwa akingoja maziwa yapoe, trei ya mwisho itachukuliwa. Akaamua kuyatia yakiwa moto, ingawa alijua huenda akaiharibu friji ya watu.

Baada ya saa moja na nusu vijana hao wawili walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia moto, yalikuwa yamekwisha ganda na kuwa aiskrimu. Maziwa ya mwenzake, yaliyoingia baridi, yalikuwa bado uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Mpemba aliliamini jibu hilo, na kisa kingeweza kukoma hapo. Lakini wakati wa likizo alikutana na rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba yeye huweka maziwa kwenye friji yakiwa bado moto, kwa kuwa huganda upesi zaidi. Muuza aiskrimu huyo hakuwa na haja ya kanuni yoyote. Alikuwa na wateja wanaongoja.

Mpemba alifaulu mtihani wa kidato cha nne akachaguliwa kuendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa. Huko, kidato cha tano kilianza kwa mada ya joto. Mwalimu alipofundisha kanuni ya Newton ya kupoa, Mpemba aliuliza tena kwa nini maziwa ya moto huganda kabla ya maziwa ya baridi. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea kubisha, mwalimu alisema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya walimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, hata akisoma vibaya jedwali la logi, darasa zima lilisema kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Haifai kuwalaumu walimu wale kupita kiasi. Hoja yao ilikuwa na nguvu, na kila mwalimu wa fizikia anaijua. Kanuni ya Newton husema kwamba kasi ya kitu kupoteza joto hulingana na tofauti ya joto kati ya kitu hicho na mazingira yake. Ni kweli basi kuwa maji ya nyuzi 90 hupoa kwa kasi kuliko maji ya nyuzi 30. Lakini maji hayo ya nyuzi 90 hayana budi kushuka hata yafike nyuzi 30, na yatakapofika hapo, yale yaliyoanza na nyuzi 30 yatakuwa yamekwisha tangulia mbele. Kutoka hapo yote mawili yatafuata njia moja. Anayefuata nyuma katika njia moja, kwa mwendo ule ule, hamfikii aliyetangulia. Hoja hiyo ina kasoro moja tu, ambayo itaonekana baadaye.

Siku moja alasiri Mpemba aliikuta maabara ya biolojia i wazi na haina mwalimu. Alichukua bika mbili ndogo za sentimeta za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akazitia katika friji ya maabara. Baada ya saa moja barafu ilikuwa haijakamilika katika bika yoyote, lakini ile iliyoanza na maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Yeye mwenyewe aliona kuwa jaribio hilo halikutosha kuthibitisha neno, akakusudia kulirudia.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Dakta Denis Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mkuu wa shule ya Mkwawa alimwalika aje kuzungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Mhadhara wake ulichukua nusu saa. Maswali yalichukua saa nzima baada ya hapo. Mengi yalihusu mambo ya kuingia Chuo Kikuu na mihtasari ya masomo. Kisha Mpemba akasimama. Aliuliza: ikiwa bika mbili zina maji ya ujazo ulio sawa, moja ya nyuzi 35 za Sentigredi na nyingine ya nyuzi 100, na zote mbili zikawekwa katika friji, ile iliyoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, je, kwa nini?

Wenzake waliangua kicheko. Osborne alitabasamu, akamwomba alirudie swali. Kisha akamwuliza kama jambo hilo ni kweli na kama amelifanya mwenyewe. Mpemba akajibu ndiyo. Mgeni akasema kwamba hajui sababu, lakini anaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporejea Dar es Salaam, na akamhimiza mwulizaji arudie jaribio lake.

Yafaa kutua kidogo juu ya jibu hilo. Osborne aliandika baadaye, bila ya kuficha, kwamba moyoni alidhani mwanafunzi yule amekosea. Maelezo aliyopewa yalikwenda kinyume cha fizikia aliyoijua. Lakini alikumbuka kwamba wanafunzi hawana budi kutiwa moyo wa kuhoji na kuchunguza, na kwamba si vema kulidhihaki swali lolote. Aliona pia kuwa mambo ya kila siku mara chache huwa mepesi kama yanavyoonekana, na kwamba huenda ipo sababu fulani inayoathiri kasi ya kupoa ambayo yeye hakuifikiria. Kwa mtu wa cheo chake, mbele ya ukumbi uliojaa vijana wanaocheka, ingekuwa rahisi kucheka nao. Katika fani yoyote kijana humpima mkubwa wake katika nafasi kama hiyo, hasa pale mkubwa anapoulizwa asilolijua.

Hata hivyo heshima haikumfikia Mpemba siku iliyofuata. Wanafunzi wenzake wa kidato cha sita walimwambia kuwa amewaaibisha, na kwamba kusudi lake lilikuwa kumwuliza mgeni swali asiloweza kulijibu. Wengine walitaka kujua kama kweli aliielewa sura ya kitabu juu ya kanuni ya Newton. Naye akawajibu kuwa nadharia na vitendo ni vitu viwili.

Lakini sasa alikuwa na agizo la mkubwa wa fani. Alimwendea mkuu wa jiko la shule, akamweleza shida yake, na mtu huyo akampa friji nzima aitumie kwa muda wa juma moja. Kila historia ya sayansi ina watu wa namna hii ambao majina yao hayakuandikwa. Mpemba alifanya jaribio la kwanza peke yake, kwani aliogopa kwamba likienda kinyume shule yote itapata habari. Matokeo yalikuwa yale yale. Ndipo alipowaita mashahidi watatu miongoni mwa waliokuwamo ukumbini siku ile. Wakaona kwa macho yao, wakaenda kuwasimulia wengine. Mwisho alimwambia mkuu wa idara ya fizikia, ambaye naye alisema haiwezekani, kisha akajaribu mwenyewe na kuona kuwa imewezekana.

Huko Dar es Salaam, Osborne alitimiza ahadi yake. Alimwagiza fundi kijana wa maabara afanye jaribio. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio hilo mpaka wapate matokeo yaliyo sahihi. Osborne alilisimulia neno hilo kwa mzaha, lakini walimu wa maabara watakiri kuwa wamelisikia mara nyingi, tena likisemwa kwa dhati.

Majaribio yaliyofuata yalipangwa kwa uangalifu. Maji ya sentimeta za ujazo 70 yalitiwa katika bika za sentimeta za ujazo 100, na bika zikawekwa juu ya povu gumu la plastiki ndani ya sehemu ya barafu ya friji ya kawaida. Povu hilo liliwekwa kwa sababu maalumu. Bika ya moto ikikaa moja kwa moja juu ya sakuli ya barafu iliyoota ndani ya friji, huiyeyusha na kugusana vizuri zaidi na ubaridi wa chini, na hapo ushindani huwa si wa haki. Hata baada ya kuiziba njia hiyo, jambo lile lilionekana. Maji yaliyochukua muda mrefu kuliko yote kabla ya kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza na joto la kama nyuzi 25. Yale yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi sana.

Sababu ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni mvuke. Maji ya moto hupunguka kwa kugeuka mvuke, na machache huganda upesi. Mwanafunzi anaweza kulipima wazo hili kwa hesabu. Gramu 70 za maji zikishuka kutoka nyuzi 90 hadi sifuri hupoteza kama jouli 26,460, kwa kuwa gramu moja hupoteza jouli 4.2 kwa kila nyuzi. Zikianzia nyuzi 25 hupoteza jouli 7,350 tu. Tofauti ni jouli 19,110. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kama jouli 2,300. Kwa hiyo hata kama mzigo wote wa ziada ungeondolewa na mvuke peke yake, zingepotea gramu nane hivi kati ya 70. Kupungua huko kwaweza kusaidia, na mvuke unaotoka hakika hupoza maji yaliyobaki, lakini Osborne na wenzake waliona kuwa hasara ya maji waliyoipima haitoshi kueleza tofauti kubwa ya muda.

Walipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulicheleweshwa kwa saa kadhaa. Hapo walipata dokezo kuwa sehemu kubwa ya joto hutoka kwa njia ya uso wa juu. Walipopima joto la maji karibu na juu na karibu na chini, waliona hayalingani. Maji yaliyoanza moto yaliendelea kuwa na uso wa moto, kwa sababu ya myuko, yaani ule mwendo wa maji ya moto kupanda na ya baridi kuzama. Kasi ya kupoteza joto hufuata joto la uso, wala si joto la wastani la bika nzima. Maji mawili yenye wastani mmoja yaweza basi kupoa kwa kasi mbili.

Na hiyo ndiyo kasoro ya hoja ya walimu. Hoja ilichukulia kwamba maji yaliyofika nyuzi 30 baada ya kushuka kutoka 90 ni sawa kabisa na maji yaliyoanza na nyuzi 30. Lakini hayo ya kwanza yamepungua kiasi, yamepoteza sehemu ya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, na yamo katika mwendo wa ndani ambao hayo ya pili hayana. Kipimajoto kimoja husema ni sawa. Maji yenyewe si sawa.

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, *Physics Education*. Wakati huo Mpemba alikuwa amejiunga na chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa ya bwana nyama katika wizara ya maliasili. Sehemu ya kwanza ya makala aliisimulia yeye, ya pili Osborne, na majina yote mawili yaliwekwa juu, la mwanafunzi likitangulia. Mwaka huo huo G. S. Kell wa Canada naye aliandika juu ya jambo hilo hilo katika jarida la Marekani. Tena jambo lenyewe halikuwa geni kabisa: Aristotle aliligusa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na Francis Bacon na Descartes waliliandika katika karne ya 17. Lilikuwa limesahauliwa na wataalamu, lakini si na wauza aiskrimu.

Mabishano hayajakwisha. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha umuhimu wa maji kupoa chini ya sifuri bila ya kuganda, jambo ambalo hutokea kwa viwango tofauti kila mara na kuvuruga hesabu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la maelezo bora. Washiriki walizidi 22,000, mshindi akawa Nikola Bregović wa Zagreb, na Mpemba mwenyewe ndiye aliyemtangaza. Osborne alifariki dunia mwaka 2014. Miaka miwili baadaye, Henry Burridge na Paul Linden waliandika kwamba, ikiwa kinachopimwa ni muda wa maji kufika nyuzi sifuri, hawakuliona jambo hilo hata mara moja kwa uhakika, na kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kidogo tu kwatosha kumdanganya mpimaji. Lakini mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada walitumia chembe ndogo mno ya kioo ndani ya maji, wakaonyesha bila shaka kuwa mfumo ulioanza moto unaweza kufikia utulivu kabla ya ule ulioanza vuguvugu. Jina la Mpemba sasa limeenea mpaka kwenye mambo yasiyohusu maji wala barafu.

Kazi hii inaweza kufanywa hata katika shule isiyo na friji. Chukueni sufuria mbili za aina moja, au makopo mawili yaliyo sawa, na maji ya moto ya uzito ulio sawa. Katika moja tieni vijiko vichache vya mafuta ya kula ili yafunike uso wote. Nyingine iachwe wazi. Andikeni joto kila baada ya dakika mbili kwa muda wa saa moja, kipimajoto kikishikiliwa katika kina kile kile, kisha pimeni uzito wa maji tena. Yale yaliyoachwa wazi yatapungua zaidi na kupoa upesi zaidi, na tofauti ya gramu italeta hesabu ya mvuke iliyoonyeshwa hapo juu. Halafu rudieni, mara hii vipimajoto viwili vikiwa katika chombo kimoja, kimoja karibu na uso na kingine karibu na kitako.

Wanafunzi wa Nsemulwa wasishangae kipimajoto kikikataa kufika nyuzi 100 maji yanapochemka. Mpanda iko kama meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Iringa ni juu zaidi, na kiwango cha huko hukaribia 95. Kwa hiyo hata bika ya nyuzi 100 aliyoitaja Mpemba ukumbini haikuweza kupatikana katika maabara ya Mkwawa, na hakuna mtu aliyemwuliza juu ya hilo. Wenye friji na wajaribu maji ya nyuzi 25, 45, 65 na 90, wakiandika kwa kila jaribio saa ambayo barafu ya kwanza imeonekana na saa ambayo maji yote yamekwisha ganda, kwani saa hizo mbili ni matokeo mawili tofauti, na mabishano mengi ya miaka hii yametokana na kuzichanganya.